Saa ya dhahabu ya mzee usiipeleke kwenye mizani

Hapa Bukavu dhahabu tunaijua kwa gramu. Inatoka Kamituga, Shabunda na Misisi, inaingia mjini, inawekwa kwenye mizani midogo, bei inatajwa kwa dola, basi. Ndiyo maana saa ya mkono ya dhahabu iliyoachwa na mzee inaweza kuishia kwa mnunuzi wa dhahabu. Anaing'oa mashine ya ndani, anaiweka pembeni, anapima kasha tupu. Jambo hili linaniuma, maana wanaokusanya saa za zamani hawaulizi gramu.

Tazama saa namba 1518 ya Patek Philippe, kampuni ya saa ya Uswisi, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1941. Inapima muda wa mbio, na kalenda yake inaujua mwezi wa siku 30, wa siku 31, hata Februari ya mwaka mrefu, bila mtu kuigusa. Zilitengenezwa 281 tu, karibu zote za dhahabu. Za chuma cha pua zinazojulikana ni nne. Mwaka 2016 moja ya hizo nne iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 11 za Uswisi. Chuma kiliipita dhahabu, tena kwa mbali, kwa sababu ya uchache wake.

Je, dhahabu haina maana basi? Inayo, na kwangu hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Miaka ya 1970 saa za betri zilijaa sokoni, zile za kutia ufunguo zikaonekana mzigo. Kisha Januari 1980 wakia moja ya dhahabu ikafika dola 850, bei ambayo haikuwahi kuonekana. Makasha mengi yaliingia motoni miaka hiyo. Saa ya chuma ilisahauliwa tu ndani ya kabati, nani angehangaika kuiyeyusha? Ya dhahabu ilikuwa na bei ya papo hapo, na bei hiyo ndiyo iliyokuwa hatari yake. Kwa hiyo ukiona leo saa ya dhahabu ya mwaka 1950 ikiwa nzima, ujue kuna mtu aliyekuwa na shida ya pesa kama sisi sote, akaiangalia, akakataa kuiuza. Pengine walikataa watu watatu, mmoja baada ya mwingine. Mkusanyaji anapoishika anashika na ule ukaidi wao. Mimi namwelewa kabisa.

Jina la mwenyewe nalo huongeza thamani. Saa ya 1518 ya dhahabu iliyokuwa ya Mfalme Farouk wa Misri iliuzwa Dubai mwaka 2021 kwa zaidi ya dola 900,000. Rolex ya dhahabu ya Bao Dai, mfalme wa mwisho wa Vietnam, ilivuka dola milioni 5 mwaka 2017. Babu zetu hawakuwa wafalme, na sitamdanganya mtu kwamba kila saa ya manjano ni utajiri. Nyingi zimepakwa dhahabu juu juu tu. Fungua mfuniko wa nyuma utafute namba 750, yaani karati 18, au 585, yaani karati 14. Za Uswisi za zamani zina pia mhuri mdogo sana: kichwa cha mwanamke kwa karati 18, kindi kwa karati 14.

Mhuri huo unasema mengi kuliko daraja la dhahabu. Dhahabu ni laini, na kila inaposuguliwa inapungua. Mhuri ukiwa umefifia na kingo za kasha zimekuwa duara, mkusanyaji anajua saa imesuguliwa mno, na bei inaporomoka. Uso wa saa ndio hauguswi kabisa. Ule weupe uliogeuka rangi ya maziwa, yale madoadoa, maandishi yaliyochapwa kiwandani, vyote hivyo ndivyo anavyovitafuta. Ukipakwa rangi upya umekwisha.

Mafundi saa wetu wana mikono mizuri, nimewaona wakifufua mashine ambazo wengine wangezitupa. Lakini wamezoea mteja anayetaka saa irudi iking'aa, kwa hiyo ni wajibu wako kumwambia mapema: safisha mashine, tia mafuta, kasha liache lilivyo. Na kama ni lazima abadilishe mishale, kioo au kile kifungo cha kutilia ufunguo, mwombe akurudishie vya zamani, hata vikiwa vimevunjika. Vitie kwenye bahasha moja na risiti ya dukani, kama mzee aliiacha, na picha yake akiwa ameivaa.