Mashine ya Wajawazito Ipime na Kichocho

Ukitaja ultrasaundi hapa Dodoma, watu wanafikiria ujauzito. Hata foleni mlangoni ni ya akina mama. Mimi naona mashine hiyo tunaitumia chini ya uwezo wake, na wanaoumia ni watu wanaoishi kando ya mabwawa.

Chukua Hombolo. Bwawa ndilo maisha ya watu pale: wanavua, wanamwagilia mboga na zabibu, watoto wanaogelea. Maji yaliyotulia ndiyo makazi ya konokono wanaobeba kichocho, ugonjwa wa minyoo wanaoishi kwenye damu. Mtoto akikojoa damu, dalili ya ugonjwa huo, nyumbani anaambiwa anywe maji mengi, ni joto tu.

Shuleni kuna kingatiba, yaani watoto wote hupewa dawa ya kichocho bila kupimwa kwanza. Mtoto anasimamishwa kwenye kijiti cha kupimia urefu, anahesabiwa vidonge vya prazikwanteli, anameza akiwa ameshakula. Kazi hii naiunga mkono kwa moyo wote. Ila dawa inaua minyoo waliokomaa. Haituambii mayai yao yameshaharibu nini. Kipimo cha mkojo nacho kinatafuta mayai, na mtu aliyeugua miaka mingi anaweza asikutwe na yai hata moja ilhali figo zake zimeshaanza kutanuka kwa mkojo kukosa njia.

Ultrasaundi haimwoni mnyoo wa kichocho mwenyewe, maana ana urefu wa sentimita moja hivi na anaishi ndani ya mshipa wa damu. Inaona alichokiharibu. Mtoto anakunywa maji mpaka kibofu kijae, anapakwa jeli chini ya kitovu, na kwenye kioo unaona ukuta wa kibofu, ambao ulipaswa kuwa mwembamba na laini, umenenepa, pengine una vinundu vinavyochomoza kwa ndani. Kwa kichocho cha tumbo, aina inayoshambulia utumbo na ini, makovu meupe huonekana yamezunguka mishipa ya ini. Hakuna sindano wala mionzi. Na si jambo la majaribio: Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa kusoma picha hizi, uliotokana na mkutano wa Niamey, Niger, mwaka 1996.

Kinachonipa moyo zaidi ni kwamba kwa watoto, madhara mengi ya kibofu hupungua miezi michache tu baada ya dawa. Picha inatuonyesha nani arudi kupimwa tena na nani apewe rufaa haraka.

(Na si kichocho tu: minyoo ya matende nayo huonekana hai, ikijinyonganyonga kwenye mirija ya limfu ya mfuko wa korodani. Malengelenge ya tegu wa mbwa kwenye ini pia huonekana, na sisi tunaishi na mbwa na mbuzi.)

Muuguzi au tabibu anayefundishwa kumpima mjamzito afundishwe hapohapo kusoma kibofu, figo na ini. Timu ya kingatiba ikienda shule za kando ya bwawa, ibebe mashine ndogo ya mkononi na ianze na wenye mkojo wa damu. Kupima kila mtoto hatutaweza. Ila wavuvi watu wazima wasiachwe: wao kingatiba ya shuleni haiwafikii, na wameingia kwenye maji yale tangu utoto.