Usipa wanawashiwa taa, abiria wanapitishwa gizani

"Ziwa tunalijua." Hilo ndilo jibu nililopewa hapa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na nahodha mmoja nilipomuuliza kuhusu taa, huku anatafuna muwa, baada ya boti lake la abiria kuchomoza gizani bila taa hata moja na kupita karibu na mtumbwi wetu mpaka nikasikia mtoto akikohoa ndani yake. Haya, ziwa unalijua. Mimi nilipo, unapajua?

Maana hapo ndipo manahodha wetu wanapokosea. Taa ya chombo haiwekwi ili uone njia. Inawekwa ili mwenzako akuone, tena ajue unaelekea wapi. Nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Nikiona nyekundu peke yake, natazama ubavu wako wa kushoto, kwa hiyo unakatiza kwenda kushoto kwangu. Nikiziona nyekundu na kijani kwa pamoja, unanijia usoni, na kila mmoja wetu anapaswa kukata kulia. Nisipoona kitu, nabaki na sala.

Na tusidanganyane kwamba taa hatuna. Simama ufukweni usiku usio na mwezi uone ziwa linavyowaka kama mji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi balbu za betri na sola. Usipa, hao dagaa wa ziwa letu, hufuata mwanga, ndiyo maana wavuvi hupenda usiku wa giza totoro; yaani vyombo hujaa majini wakati huohuo ambapo hakuna anayeona. Halafu kazi ikiisha, balbu inazimwa ili kuokoa betri, na mtumbwi unarudi nyumbani kimyakimya. Usipa kapewa taa, binadamu kanyimwa! Hata zikiwaka, taa zile za kumulika maji hazisemi chombo kinaelekea wapi.

Gharama? Nakubali, kwa shingo upande. Lakini kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana hazimwonei maskini. Mwenye mtumbwi wa kasia anatakiwa awe na tochi tu, aiwashe mapema kabla hajagongwa. Mama wa kabila la Wakisi anayevusha vyungu kutoka Ikombe kuja mnadani Lyulilo anaiweza hiyo. Boti la injini lisilofika urefu wa mita 7, na lisiloweza kuzidi kama kilomita 13 kwa saa, linaruhusiwa taa moja nyeupe ya kuonekana pande zote. Ukizidi hapo, weka na za rangi. Aliyenunua injini kwa mamilioni asiniambie kakosa balbu.

Wapo watakaosema hizo kanuni ni za baharini. Sawa, kana kwamba mbao huvunjika kwenye maji ya chumvi tu.

Tunayo pia meli ya abiria, MV Mbeya II, Mungu aibariki, lakini meli ya ukubwa ule haisimami ghafla kwa ajili ya mtu asiyeonekana.

BMU zetu, yaani vikundi vya wanakijiji vya kusimamia uvuvi ufukweni, zinajua kuzuia nyavu haramu. Zinashindwaje kuzuia boti lisilo na taa lisiondoke jioni? Wao ndio wapo ufukweni jua likizama. Mkaguzi wa mjini akija, atakuja saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi hakuna boti hata moja linalovunja sheria ya taa.