Tanki la ndege yangu litakuwa la alumini, na sababu si uzito

Kila anayeingia kwenye banda letu Tabata na kuikuta ile mifupa ya ndege tunayoiunda wenyewe huuliza maswali mawili. La kwanza, kama kweli itaruka. La pili, akishaona nafasi mbili tupu kwenye mabawa zinazosubiri matanki ya mafuta, kwa nini tusiweke plastiki tu. Swali la pili silidharau. Panda ghorofa yoyote Sinza uangalie mapaa: jiji zima linakunywa kutoka kwenye matanki meusi ya plastiki. Mtu ambaye tanki lake limekaa juani miaka kumi na tano bila kuvuja hata tone ana haki ya kuuliza.

Nimjibu kwa kifupi. Magari mengi ya siku hizi yana matanki ya plastiki, na ni mazuri. Lakini yale yamepulizwa kiwandani ndani ya kalibu yake, tena kwa tabaka kadhaa, kwa sababu plastiki ya kawaida huvimba kidogo ikikaa na petroli na kuupenyeza mvuke polepole kwenye kuta zake. Mimi sina kalibu. Nina bawa lenye nafasi ya sentimita 80 kwa 40 kwa 12 na nusu, na hakuna dumu lililotengenezwa kwa umbo hilo. Halafu gundi haishiki kwenye plastiki ya aina ile, kwa hiyo hata kutoboa tundu la koki ni kazi ya mashaka.

Ugomvi wenyewe uko kati yangu na mwenzangu ninayeunda naye. Yeye ni mtu wa faiba. Amekulia Msasani, ameona boti za faiba zikipigwa na chumvi mwaka hadi mwaka, zinapakwa rangi na kurudi majini. Hoja yake kubwa ni uzito. Basi tukakaa na kalamu. Tanki la lita 40 la vipimo vile, kwa bati la alumini la milimita 1.27, ni kama kilo 3.2 kabla ya kuweka vizuizi vya ndani na koki. La faiba ya milimita moja na nusu linakaribia kilo 2.5. Tofauti haifiki kilo moja. Chuma kisichoshika kutu, hata kikiwa chembamba cha milimita 0.8, kinakaribia kilo 6. Hicho tulikitupa nje bila kupiga kura. Ila kati ya alumini na faiba, mwenye kuzungumzia uzito aanze kwanza na kitambi cha rubani.

Kwangu maswali ni mengine: mafuta gani yataingia humo, na tanki likianza kuharibika nitajuaje?

Injini yetu ni Rotax 912 ya farasi 80. Tuliichagua kwa sababu inakubali petroli ya sheli, oktani 90 na kuendelea. Hiyo ni baraka, na pia ni mtego. Mafuta maalumu ya ndege za pistoni yana kanuni kali na rangi yake ya buluu. Petroli ya sheli ni ile uliyouziwa siku hiyo. Wenye umri wangu wanaikumbuka miaka ya neno uchakachuaji, mafuta ya taa yakiingizwa kwenye petroli, mpaka vikaja vinasaba, yaani alama ya siri ya kutambua mafuta halali, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya mchezo ule ife. Na ndege haijui mpaka. Tukifika Songea tutatamani kuvuka Malawi, na Malawi wanachanganya ethanoli, yaani kileo, ya miwa kwenye petroli tangu 1982.

Ethanoli ndiyo inayonitia hofu na faiba. Si faiba zote. Mbunifu wa ndege wa Kimarekani, Burt Rutan, aliirusha ndege yake ya VariEze mwaka 1975 ikiwa imebeba mafuta ndani ya mwili wa faiba, na walioifuata njia hiyo kwa rezini ya epoksi wameruka nayo miaka mingi. Nyuzi hazina neno. Tatizo ni rezini inayozishika. Kule Marekani, ethanoli ilipoingizwa kwenye petroli ya New York na Connecticut mwaka 2004, boti za zamani zenye matanki ya faiba zilianza kuua injini. Rezini ya poliesta ililainika, ikayeyuka kidogo kidogo ndani ya mafuta, ikaenda kuganda kama lami nyeusi kwenye vali. Tanki kwa nje lilikuwa zima. Hapo ndipo ninapokwama: ugonjwa unaanzia ndani, na wa kwanza kukuambia ni injini. Boti ikizimika utapiga makasia.

Nilitaka kuona kwa macho yangu. Nikaomba vipande kwa fundi wa boti, vya rezini ileile inayouzwa hapa kwa pipa, nikavitia kwenye chupa mbili za jamu: moja petroli tupu ya sheli, nyingine petroli na sehemu moja ya kumi ya ethanoli. Miezi mitatu dirishani. Kipande cha chupa ya kwanza kilikuwa kigumu kama nilivyokitia. Cha chupa ya pili kilikwaruzika kwa ukucha. Mwenzangu alikiangalia muda mrefu, kisha akasema tungeagiza rezini ya vinili esta, inayostahimili ethanoli. Ni kweli, inastahimili vizuri zaidi. Lakini rezini huzeeka, na pipa lililopigwa jua bandarini sitalijua kwa kulitazama.

Sasa na mimi niukabili mzigo wangu, maana alumini nayo ina tabia zake. Kwanza, alumini siyo moja. Kuna jamaa alituletea kwa moyo mweupe bati lililotoka kwenye ndege ya zamani, akitaka tulichomelee. Bati la ndege mara nyingi ni la aina iitwayo 2024, gumu sana, zuri kwa ribiti, lakini ukilichomelea hupasuka likipoa. La kuchomelea ni la aina ya 5052. Lile la sufuria za Gerezani silisemi vibaya, linapika wali vizuri tu, lakini hakuna anayejua limeyeyushwa kutoka kwenye nini.

Ribiti na gundi ya polisulfidi ni njia nzuri iliyothibitika, na ndege nyingi za kujiundia zina matanki hayo. Hapa Dar siipendi kwa sababu gundi ile inataka kuhifadhiwa kwenye ubaridi, na joto la Februari linaigandisha mkononi kabla hujamaliza mstari. Kuchomelea kwa gesi na dawa nako kuna balaa lake: dawa inayobaki ndani ya mshono, usipoiosha kwa maji ya moto, inaendelea kuila alumini taratibu. Ndiyo maana tulitafuta fundi wa agoni, anayechomelea kwa umeme na gesi ya agoni bila dawa. Mengine ni ya kukumbuka tu: usifunge koki ya shaba nyeupe moja kwa moja kwenye alumini katika hewa hii ya chumvi, usilikalishe tanki juu ya kitambaa kinachonyonya unyevu, na bomba la kupumulia lifunikwe wavu, kwa sababu nyigu wa jiji hili hawachagui tundu.

Kosa langu lilikuja kwenye kupima. Tanki la kwanza lilipotoka kwa fundi, linang'aa, nililipeleka kwa mtu wa pancha jirani, nikamwambia atie upepo kidogo tu, tupake povu la sabuni tuone panapovuja. Kidogo chake ni cha matairi. Lilituna kama andazi mbele ya macho yetu. Jioni nikapiga hesabu ambayo ningeipiga asubuhi: upepo wa 1 tu, pale ambapo tairi hupewa 30, unausukuma ule upande wa sentimita 80 kwa 40 kwa nguvu ya zaidi ya kilo 220. Siku hizi tunaunganisha mpira mwembamba wenye maji, tunauinua sentimita 70 juu ya tanki. Huo ndio upepo wa 1, na maji hayawezi kukuzidishia.

Mwenzangu alicheka wiki nzima. Faiba, alisema, isingetuna. Ni kweli, ingepasuka.

Lile andazi sikulitupa. Nililikata katikati kwa msumeno, maana lilikuwa limeshakuwa hasara, na hasara iliyofunguka inafundisha. Kwa nje mishono ilikuwa mizuri, mawimbi yake yamepangana kama ya mkeka. Kwa ndani, sehemu tatu, mchomeleo haukuwa umepenya. Mabati mawili yalikuwa yamegusana tu, na mtikisiko wa injini ungeyaachanisha siku moja tukiwa juu ya Rufiji. Nikakibeba kipande mpaka Gerezani. Fundi alikipokea bila neno, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole pale pasiposhika, mara ya kwanza na mara ya pili.

"Bosi," akasema, "lete na lile lingine."