Dereva wa kukodi na kiti cha mwenzake

Mbio za magari za NASCAR za Marekani hufanyika zaidi kwenye viwanja vya duaradufu, ambako magari hukata kushoto tu. Lakini kwa miaka mingi ratiba ilikuwa na mbio mbili zenye kona za kushoto na kulia, Sonoma na Watkins Glen. Wiki hizo baadhi ya wamiliki walimweka benchi dereva wao na kumkodi mtaalamu wa kona. Boris Said na Ron Fellows walijulikana hasa kwa kazi hiyo.

Hoja ya mmiliki ina uzito. Pointi za mmiliki hufuata gari, haijalishi nani anaendesha. Kuanzia 2005 hadi 2012, magari 35 ya juu katika pointi hizo yalihakikishiwa nafasi ya kuanza mbio. Mengine yalilazimika kufuzu kwa kasi, na yaliyoshindwa yalirudi nyumbani bila kukimbia. Timu iliyoning'inia nafasi ya 34 ilipokodi mtaalamu, ilikuwa inalinda mishahara ya mafundi wake, na sioni aibu katika hilo.

Tatizo ni matunda yake. Fellows alishika nafasi ya pili Watkins Glen mwaka 1999 na tena 2004. Said aliongoza kufuzu Sonoma 2003. Ushindi haukupatikana. Tangu mtaalamu wa kona Mark Donohue aliposhinda Riverside, uwanja mwingine wa kona, mwaka 1973, ilichukua nusu karne mtaalamu mwingine wa kukodiwa kushinda. Mara nyingi hupewa gari la timu dhaifu, tena na mafundi asiowazoea. Wakati huohuo Jeff Gordon, aliyekulia kwenye viwanja vya duaradufu, alishinda mbio tisa za kona. Alijifunza kwa sababu kiti kilikuwa chake kila wiki, zikiwemo wiki za kona.

Shane van Gisbergen wa New Zealand alipovunja ukame huo mitaani Chicago mwaka 2023, katika mbio yake ya kwanza kabisa ya NASCAR, watu wengi walisema hoja ya kukodi imethibitika. Sikubaliani nao. Timu yake, Trackhouse, ilimwongezea gari la tatu. Madereva wake wawili wa kudumu walikimbia kama kawaida. Mgeni wa namna hiyo namkaribisha kwa mikono miwili, maana anawapa wenyeji kipimo cha kweli na hamnyang'anyi mtu pointi.

Kumtoa dereva kwenye kiti chake ni jambo jingine. Gari huhifadhi pointi za mmiliki, lakini pointi za dereva za siku hiyo hazirudi. Mwaka 2025 mbio za kona zilikuwa sita kati ya 36, na van Gisbergen, sasa dereva wa kudumu, alishinda tano. Anayekaa benchi katika mbio hizo amepoteza sehemu moja ya sita ya msimu wake, na mwaka unaofuata atazikabili kona zilezile akiwa mgeni vilevile. Timu inayozama ningeielewa kwa mbio moja, ikiwa imemweleza dereva wake mapema na kumpa siku za mazoezi kwenye kona. Kwa timu yenye fedha sioni sababu.