Noa kwanza, rekebisha baadaye: maoni yangu kuhusu kikata ndimi

Nina msimamo kwamba sehemu kubwa ya malalamiko dhidi ya kikata ndimi, kile kifaa kinachofungwa kwenye drili na kuchonga ncha ya mti iwe ulimi wa duara wa kuingia kwenye tundu la mti mwingine, hutokana na kazi kufanywa kinyumenyume. Fundi huanza kulegeza skurubu na kusogeza kisu kabla hajajua kama kisu chenyewe kinakata. Ulimi ukitoka mnene, anakisogeza ndani. Ukitoka na mikwaruzo, anakirudisha nje. Ukitoa harufu ya kuungua, mti ndio unaolaumiwa. Mwishowe hakuna ajuaye kisu kilikuwa wapi mwanzoni, na ubutu wake bado upo palepale.

Kifaa hiki kinafanya kazi kama kichongeo cha penseli. Kuna mwili wa chuma wenye tundu lenye kipenyo cha ulimi unaotakiwa, na kuna kisu kimoja kinachopunguza mti unapoingia. Sehemu ya mbele ya kisu huchonga bega, yaani pale mti mnene unapopungua kuwa ulimi, ama la mteremko ulionyooka ama la upinde, na sehemu ya nyuma ndiyo inayoamua unene wa ulimi. Ulimi uliokwisha kuchongwa huendelea kuingia ndani ya lile tundu, nalo huuongoza usiyumbe. Kwa hiyo kisu kinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na ubutu wa sehemu moja huonekana kama kosa la mpangilio wa sehemu nyingine.

Kisu butu hakikati, kinasukuma. Fundi hulazimika kukandamiza drili, nyuzi za mti hulazwa badala ya kukatwa, kisha mkandamizo ukiondoka zinainuka tena kidogo. Ulimi uliochongwa hivyo hubana kwenye tundu la kazi ingawa kisu kimefungwa mahali pake sawasawa. Ukirekebisha kisu katika hali hiyo, unakuwa umerekebisha kwa kufuata ubutu, na siku utakapokinoa utapata ndimi zinazocheza tunduni.

Katika kunoa, mimi siamini cherehe, lile jiwe la kunolea linalozunguka, kwa kisu kidogo namna hii. Chuma chake ni chembamba na joto halina pa kukimbilia. Chuma cha kaboni kikishageuka rangi ya buluu, ambayo hutokea kwenye joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi, ukali wake hautadumu hata ukinolewa vipi. Kinoo kinatosha. Anza na upande bapa, uulaze wote juu ya jiwe la chembe 1000 mpaka utepe mwembamba ulio nyuma ya makali ung'ae sawasawa, na usiuinue hata kidogo, kwa kuwa upande huo ndio unaolala juu ya kitako, yaani mahali kisu kinapokaa kwenye mwili wa kifaa, na ukiuviringa umeharibu kipimo milele. Kisha geukia upande wa mteremko, ufuate pembe iliyotoka nayo kiwandani, mpaka ukipitisha kidole kwa uangalifu upande wa pili usikie uzi mwembamba wa chuma uliojikunja kote kwenye makali. Uzi huo usipofika mwisho wa kisu, hujamaliza. Malizia na jiwe laini zaidi, la 4000 au zaidi, na ngozi ukiwa nayo. Makali ya upinde uliochomoza hunolewa kwa kukizungusha kisu taratibu juu ya jiwe bapa, na upinde ulioingia ndani hunolewa kwa msasa uliozungushiwa kijiti cha mviringo. Wapo wanaopima ukali kwa kunyoa nywele za mkono. Mimi naona ni heri kupima kwenye kichwa cha kipande cha mbao laini, pale nyuzi zinapoishia, kwa kuwa makali yakiacha uso unaong'aa hapo, yataukata mti wowote.

Ndipo inapofika zamu ya mpangilio. Kila unaponoa, makali hurudi nyuma kidogo na ulimi hunenepa, hivyo kisu kinahitaji kusogezwa mbele. Chukua kijiti kilichonyooka chenye kipenyo kilekile cha tundu la kifaa, kichomeke humo, kisha sogeza kisu mpaka sehemu yake ya nyuma iguse kijiti kwa urefu wake wote bila kukichimba. Kikichimba upande wa mbele, ulimi utakuwa mwembamba kuliko tundu na utayumba. Kikigusa nyuma tu, sehemu ya ulimi iliyo karibu na bega itabaki nene. Kaza skurubu nusu, hakiki tena, kisha kaza kabisa, maana kisu hupenda kujisogeza wakati wa kukaza.

Kumbuka pia kwamba kosa hapa hujizidisha: makali yakisogea ndani kwa milimita 0.1, kipenyo hupungua kwa 0.2, na kiasi hicho kinatosha kutenganisha ulimi unaoshika na ulimi unaocheza. Kwenye vifaa ambavyo kisu hulala bapa juu ya kitako chake, kipande cha karatasi ya kawaida kikiwekwa chini ya kisu huongeza unene wa ulimi kwa kiasi hichohicho, na kwangu hiyo ni njia ya uhakika kuliko kugongagonga kisu kwa bisibisi.

Sitegemei kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kuamua kama mpangilio umekubali. Toboa tundu la majaribio kwa biti ileile utakayoitumia kwenye kazi, kwa kuwa biti nazo hazitoboi sawa, kisha ingiza ulimi kwa mkono ukiuzungusha. Uingie kwa nguvu kidogo, bila nyundo na bila kuyumba, ubaki na nafasi finyu ya gundi. Jaribio lifanywe kwa mti mkavu wa aina ileile. Mti mbichi hudanganya: husinyaa zaidi kwa kufuata pete zake kuliko kuelekea kitovuni, na ulimi uliochongwa wa duara leo utakuwa wa yai ukikauka.

Michirizi ya mzunguko kama uzi wa skurubu ikibaki juu ya ulimi baada ya yote hayo, usikiguse kisu. Punguza kasi ya kusukuma, hakikisha drili imenyooka na mti, ujaribu tena.