Fundi wa bunduki Lancaster na mhunzi wa gobore Kasulu

Kwetu tunawapoteza mafundi wa chuma wanaowazidi wengi niliowaona huku Marekani. Tunawapoteza kwa sababu hatujataka kutenganisha ustadi wa mtu na kosa lake la kuunda gobore, ile bunduki ya kienyeji. Naishi Lancaster, jimbo la Pennsylvania, na asili yangu ni Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, kwa hiyo jambo hili nimeliona kwa pande zote mbili. Nimechoka kusikia Mtanzania mwenzangu akisema kwamba Mzungu kazaliwa na mikono ya ufundi na sisi tumezaliwa na mikono ya jembe.

Lancaster ni mji mdogo wenye Waswahili wengi. Ndugu zetu Wakongo wapo tele, na baadhi yao walipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule kule kwetu, kabla ya kuletwa huku. Dukani na kanisani Kiswahili unakisikia bila kukitafuta. Lakini Wamarekani wapenda historia wanaijua Lancaster kwa sababu nyingine. Katika karne ya 18 mafundi wa Kijerumani waliohamia hapa na wilaya za jirani walianza kuunda bunduki ndefu ya kushindilia baruti na risasi kupitia mdomo wake, yenye mtutu uliochongwa mifuo ndani ili risasi itoke ikizunguka. William Henry, mmoja wa mafundi wa bunduki wa mji huu, alikuwa mjumbe wa Bunge la nchi yao ilipokuwa bado changa, miaka ya 1784 na 1785. Fundi wa chuma na mbao, bungeni.

Ufundi ule hawakuuacha ufe. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na gereji yake haijawahi kulaza gari tangu nimfahamu. Kuna meza nzito ya mbao iliyofungwa jiliwa kubwa la kubania chuma, tupa zimepangwa ukutani kuanzia za meno makali hadi laini kabisa, kuna mashine ndogo ya kukerezea, patasi za kila upana, na redio inayotangaza besiboli. Humo anaunda bunduki za gumegume, zile zinazowashwa kwa cheche ya jiwe, kwa ajili ya kuzitazama, kulenga shabaha, na kuwindia paa. Pennsylvania ina msimu wa kuwinda unaoanza baada ya Krismasi ambao bunduki inayoruhusiwa ni ya gumegume tu. Mtutu anaununua tayari kwa watu wenye mitambo ya kuupima na kuuchimba sawasawa. Yeye kazi yake ni kitako, kufuli ya bunduki (sehemu inayopiga cheche), mapambo ya shaba, na kuviunganisha vyote viwe kitu kimoja.

Nikiwa na nafasi Jumamosi naenda kumtazama, maana kazi yenyewe inavutia. Anachukua kile kibati cha kufuli, anakipaka masizi ya taa ya mafuta, anakikandamiza kwenye mbao alikoanza kuchimba nafasi yake, kisha anakitoa. Palipobaki doa jeusi ndipo mbao inapogusa. Anapachonga kwa patasi, unyoya mmoja mwembamba, anapaka masizi tena, anakandamiza tena. Hiyo ni kazi ya siku nzima, pengine na ya siku ya pili. Mwishowe chuma kinakaa ndani ya mbao hata ukipitisha ncha ya kisu pembeni hakuna pa kuingia. Rangi nayo ina kazi yake. Anatumia mbao ya mepo, ule mti ambao majani yake hugeuka mekundu kabla ya baridi kuingia, na anaipaka tindikali iliyoyeyushiwa vipande vya chuma. Mbao inageuka kijani kichafu mpaka unadhani imeharibika. Akiipitishia joto, ule ukijani unakimbia mbele ya macho yako na kubaki wekundu wa kahawia, na mistari iliyokuwa imejificha ndani ya mti inatokeza kama ngozi ya chui milia. Halafu ni mafuta ya kitani, anayasugua kwa kiganja mpaka mbao ipate moto.

Akimaliza hajifichi. Anaibeba kwenye mashindano, inapangwa mezani na watu wanavaa miwani kuikagua. Chama chao cha kitaifa cha wenye bunduki za kushindilia kipo tangu 1933, na makao yake yako Friendship, kijiji cha Indiana, ambako watu hukusanyika kulenga shabaha na kuonyeshana kazi. Sheria ya shirikisho ya silaha ya 1968 haihesabu bunduki ya namna hii pamoja na silaha za kisasa, ingawa majimbo mengine yana masharti yake. Anayetaka kufanya biashara ya kutengeneza bunduki za kisasa lazima awe na leseni ya serikali kuu. Mzee huyu hayumo katika biashara hiyo, ni mstaafu mwenye shughuli anayoipenda, na mtaa mzima unamheshimu kwa hiyo.

Sasa twende Kasulu.

Nilipokuwa mdogo kulikuwa na mhunzi mmoja katika kijiji cha jirani ambaye wazee walimwita fundi kwa sauti ya heshima. Fuawe lake lilikuwa kipande cha reli. Mivukuto ilikuwa ya ngozi ya mbuzi. Tupa alikuwa nayo moja iliyokwisha meno. Kwa vifaa hivyo alifua majembe, mapanga na visu, akatengeneza bawaba za milango, na baiskeli iliyovunjika fremu ikarudi barabarani. Niliwahi kumwona akitengeneza springi ya kufuli la mlango kutokana na kipande cha msumeno mbovu. Alikisugua mpaka kikang'aa, akakishika juu ya makaa, akawa anaitazama rangi ikitambaa juu ya chuma: kwanza manjano ya nyasi kavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau. Ilipofika buluu tu, akakitoa. Jirani yangu wa Lancaster springi zake anaziweka kwenye tanuri dogo la umeme na kusoma nyuzi joto kwenye kioo, 300 hivi. Chuma kikifika buluu kiko kwenye joto hilo hilo. Mmoja anasoma namba na mwingine anasoma rangi, na springi zote mbili zinarudi zikikunjwa.

Mhunzi yule alitengeneza pia magobore. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Alikamatwa, akafungwa, na alipotoka hakushika tena nyundo. Vijana waliokuwa wakimvutia mivukuto wakaenda kulima, wengine wakashika bodaboda. Leo bawaba ya mlango kijijini inanunuliwa dukani, nyepesi, inavunjika kabla mvua za pili hazijaisha.

Naomba nieleweke vizuri. Sisemi gobore liruhusiwe. Sisi watu wa Kigoma silaha tunazijua kwa ubaya wake. Ipo miaka ambayo mabasi ya Kibondo na Kasulu hayakuweza kupita bila polisi wenye bunduki ndani, kwa sababu ya majambazi wa njiani na silaha zilizovuka mpaka na vita vya majirani. Magobore yamemaliza wanyama porini. Na mengi yana mtutu wa bomba ambalo halikuundwa kuhimili mshindo wa baruti, na nimewaona wanaume waliopoteza vidole na jicho. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 naiunga mkono, na kila anayelisalimisha gobore lake polisi anafanya vyema. Wala siitamani hali ya huku, ambako katika miaka hii ya karibuni zaidi ya watu 40,000 wanakufa kwa risasi kila mwaka, wengi wao wakiwa wamejiua wenyewe. Hilo ni janga, na ninalea watoto ndani yake.

Ninacholalamikia ni kinachofuata baada ya gobore kuchukuliwa. Silaha inateketezwa, sawa. Na ile mikono iliyojua kupasha chuma kwa rangi? Hakuna anayeiulizia. Hatukuanza jana. Wafipa wa Rukwa waliyeyusha chuma kwenye tanuru za udongo ndefu kuliko kimo cha mtu. Warongo wa kusini mwa Ziwa Victoria walifua majembe yaliyouzwa mbali. Majembe ya viwanda vya Ulaya yalipojaa sokoni, tanuru zile zikazimwa moja baada ya nyingine, na mhunzi akabaki mtu wa pembezoni, mtengenezaji wa vitu vidogo. Gobore lilikuwa kimoja cha vitu vichache ambavyo bado vililipa ustadi wake.

Majirani zetu Wakenya wametuzidi kidogo hapa. Mafundi wa Kamukunji, Nairobi, walikuwa wakifua bati juani bila kivuli. Mwaka 1985 Rais Moi alikwenda kuwaona akaahidi mabanda, na mabanda yakajengwa. Yana kasoro zake, lakini jina la jua kali likaingia kwenye nyaraka za serikali, na mtu akaweza kusema ni fundi wa jua kali bila kuinamisha kichwa. Sisi tuna SIDO, shirika la viwanda vidogo, tangu 1973, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tangu 1994, na wamefanya kazi kubwa. Lakini VETA hupokea zaidi vijana. Mhunzi wa miaka hamsini asiyesoma, aliyetoka gerezani, mlango wake uko wapi? Mimi ningemweka VETA Kigoma kama mwalimu, alipwe, na pembeni yake akae kijana mwenye cheti wa kumwandikia anachokijua.

Kuna jingine ambalo haliihusu serikali, linatuhusu sisi tulio huku. Tofauti kubwa kati ya gereji ya jirani yangu na banda la fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, siyo mashine. Mtaani hapo zipo mashine za kukerezea, za zamani lakini nzito na imara. Tofauti ni vifaa vya kupimia. Mzee wa huku ana venia inayosoma sehemu ndogo kama milimita 0.02, ana mikromita, ana kibamba bapa cha chuma cha kuhakikishia kwamba kitu hakijapinda. Fundi wetu mara nyingi anapima kwa jicho na kwa venia iliyolegea taya. Bushi ya pampu ya maji ikizidi kidogo tu, inapiga kelele wiki ya kwanza na inakufa wiki ya tatu, kisha tunasema mafundi wa Bongo hovyo. Hovyo ni kipimo alichopewa.

Venia nzuri huku inauzwa bei ya mlo wa familia hotelini. Minada ya vifaa vya wastaafu iko kila mwisho wa wiki. Mzee akifariki, watoto wanauza sanduku zima la tupa kwa bei ya kutupa, kwa sababu hawajui ni za nini. Mji wa Berkeley, California, umekuwa na maktaba ya vifaa tangu 1979: unaazima drili au jiliwa unavyoazima kitabu, ukimaliza unarudisha. Sisi tunatuma hela za matofali, za mabati, za harusi. Tunatuma magari yaliyochoka. Katika makontena yote niliyosaidia kupakia hapa Lancaster, sijaona hata moja lililobeba jiliwa.

Nilimpigia simu baba mdogo kumweleza wazo langu la kutuma Kasulu vifaa vya kuazimwa namna hiyo. Akasema, "Mwanangu, ukileta vifaa vitakaa kwa nani? Ukimpa mmoja, wengine watanuna." Lina uzito, na tulilizungumza sana. Tulichokubaliana ni kwamba vitakaa kwenye banda la parokia, na daftari la kuazima litashikwa na mafundi wenyewe, wawili, mmoja wa baiskeli na mmoja wa kuchomelea. Jirani yangu amekwisha kutoa seti ya tupa na mikromita moja, na amejitolea kuonyesha kwa video jinsi ya kuisoma. Mimi nitaweka Kiswahili juu yake. Kontena linaondoka baada ya Pasaka. Aliye Lancaster, York au Harrisburg, mwenye jiliwa, venia, patasi au msumeno wa chuma unaokaa bure, anitumie ujumbe nije kuuchukua mwenyewe. Bunduki na sehemu zake zozote sichukui.