Tetini ya mutoto: tubishanie umri kwanza

Bazee banasemaka tetini, ile ya mpira mutoto ananyonya tu bila maziwa, inapindisha kinywa ya mutoto, bamama bachanga banajibu bila tetini hakuna mwenye atalala mu nyumba. Hapa Bukavu hii mabishano haiishake, na minaona ni juu hatusemake mutoto ni wa umri gani.

Mutoto wa miezi mbili tatu, kunyonya njo kunamutuliza, anazaliwa nayo. Chama ya baganga ba batoto ya Marekani inashauri ata kumupa tetini saa ya kulala, juu batoto benye kulala nayo banaonekana na hatari kidogo ya kufa gafla mu usingizi, ila kama mama ananyonyesha angojee kwanza mutoto azoee titi vizuri. OMS (shirika ya afya ya dunia) na UNICEF mu 1989 walikuwa wanakataza tetini kwa mutoto wa titi, 2018 wakalegeza: mama aelezewe matumizi na hatari zake.

Sasa meno. Ya kitoto inaanza karibu miezi 6, na zote 20 zinatimia karibu miaka 3. Mutoto mwenye kufika pale akiwa paka na tetini, muchana na usiku, mara mingi meno yake ya mbele, ya juu na ya chini, haikutane tena. Muangalie akipewa muhindi ya kuchoma: anauma na meno ya mbele, punje haitoke, anageuza muhindi pembeni ya kinywa njo anapata kula. Taya ya juu nayo inaweza kuwa nyembamba. Kwa hapo bazee bako na haki kabisa. Lakini tetini ikiachwa mapema, mbele ya miaka 3, mara mingi ile nafasi katikati ya meno ya juu na ya chini inajifunga yenyewe.

Kwangu mimi kenye kinaumiza batoto zaidi ni sukari. Tetini inachovywa mu sukari juu mutoto anyamaze haraka, anaipata kila saa, kisha meno inatoka tu inaanza kuoza, inakuwa nyeusi mbele ya miaka 2, na mutoto analia usiku na maumivu banafikiri ni malaria. Asali ndiyo mubaya zaidi kwa mwenye hajatimiza mwaka, inaweza kuwa na vijidudu vya sumu yenye kulegeza mwili. Na tetini ikianguka chini, mama anaiokota, anailamba, anaipanguza na kitenge, anairudisha, kumbe vijidudu vya meno yake mwenyewe vinaingia kwa mutoto. Kuichemsha mu maji dakika kidogo haiombe makuta mingi.

Wenye kukataza kabisa nao bajue mutoto anaweza kamata kidole, na kidole inasukuma meno vilevile, kisha huwezi kuificha. Minaona afazali tetini safi, ya usingizi tu, na akikaribia miaka 2 uanze kuipunguza, kwanza muchana, kisha usiku. Akipita 4 na meno ya mbele haijakutana, mupeleke kwa munganga wa meno usingojee, juu karibu miaka 6 meno ya ukubwa inaanza kutoka.